Kiti cha Kumi na Nne: Jinsi Bodi Inavyoitawala Shule ya Umma Jijini

Mliohudhuria mdahalo wa Chama chetu nilipokuwa Kidato cha Pili mtaikumbuka hoja ya siku hiyo: bodi ya shule haina kazi ila kunywa chai. Mimi ndiye niliyeitetea hoja hiyo na, bila kujisifu, tulishinda kwa kura nyingi. Nilisema kwamba tangu niingie shule hii sijamwona mwanabodi hata mmoja akishika chaki wala kufyeka nyasi. Nimeona tu magari yao yameegeshwa chini ya mkaratusi, na harufu ya mandazi yao nimeinusa kutoka darasani saa nne nikiwa na njaa. Ukumbi ulicheka hadi mwalimu wa zamu akachungulia dirishani.

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Mwaka uliofuata nilichaguliwa katika baraza la wanafunzi, na baraza likanituma nikaketi katika bodi ile ile niliyoicheka. Nimeketi huko mwaka mzima. Chai nimeinywa, sikatai, na mandazi ni matamu kweli. Lakini niliyoyaona huko yamenifanya nimwombe mhariri kurasa hizi ili nisahihishe nusu ya maneno niliyoyasema katika mdahalo ule. Nusu nyingine bado naishikilia.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wazazi wetu wengi bado husema "Bodi ya Magavana". Hawakukosea sana, maana hilo ndilo jina lililotumika kwa shule za sekondari chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, na wakati huo shule za msingi zilikuwa na kamati ya shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo ni sheria namba 14 ya mwaka huo, iliyaondoa majina hayo mawili na kuweka moja: Bodi ya Usimamizi. (Msomaji asikanganywe na "elimu ya msingi" katika jina la sheria hiyo. Hapo limekusudiwa kila darasa kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari.) Mwalimu mlezi wa Chama angependa tuseme "halmashauri", kwa kuwa ndani ya neno hilo limo neno shauri, na kazi yenyewe ni kushauriana. Ni hoja nzuri. Lakini mpishi husema bodi, bawabu husema bodi, na hata mwenyekiti mwenyewe husema bodi, kwa hiyo nami nitasema bodi.

Nakala ya sheria hiyo nilipewa na mwalimu wa Historia na Serikali. Ilikuwa imetobolewa na kufungwa kwa uzi, na kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimepotea, lakini kifungu cha 56 kilikuwemo. Hicho ndicho kinachosema ni nani aketi katika bodi, nami nilikihesabu kwa vidole. Wajumbe sita huchaguliwa kuwawakilisha wazazi au jamii ya mahali. Mmoja hupendekezwa na Halmashauri ya Elimu ya Kaunti. Mmoja huchaguliwa na walimu wenzake. Watatu hutoka kwa mfadhili, yaani kwa shule nyingi dhehebu lililoianzisha. Mmoja huwakilisha makundi yenye maslahi maalum katika jamii, na mmoja watu wenye mahitaji maalum. Hao ni kumi na watatu. Halafu chini kabisa, baada ya kila mtu, amewekwa mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Kiti cha kumi na nne. Bodi yaweza kuwaongeza watu wengine wasiozidi watatu kwa ajili ya ujuzi wao. Ya kwetu ilimwongeza mkandarasi mmoja mstaafu ambaye kila mkutano huuliza bei ya saruji hata kama ajenda ni vitabu.

Mwalimu mkuu sikumtaja katika hesabu hiyo kwa sababu yeye ni katibu wa bodi. Nilipokisoma hicho kifungu nilidhani ukatibu ni cheo kidogo. Tutarudi hapo.

Kiti changu ni cha wadhifa. Maana yake ni kwamba naketi kwa sababu baraza limenituma, si kwa sababu mimi ni mimi. Siku nikitoka barazani, kiti kinanitoka. Mwenyekiti wetu ni mzee mwenye mvi na sauti ya taratibu. Siku ya kwanza aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, hapa utasema na tutakusikiliza. Ila tukifika mahali pa kuinua mikono, wewe weka yako mezani. Ndiyo desturi yetu." Nikasema, "Ndiyo, mzee." Siku hiyo nzima sikujua la kufanya na mikono yangu.

Sasa tupande juu kidogo, kwa kuwa bodi ya shule haielei hewani. Shule yetu iko Nairobi, na watu wa Nairobi tuna mazoea ya kusema kwamba shule fulani ni ya "kanjo". Mama yangu alisoma shule ya msingi ya kanjo huko Eastlands, na mpaka leo akiona paa la shule linavuja husema, "Kanjo wamelala." Mazoea haya yana historia. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyaondolea mabaraza ya kaunti ya zamani kazi tatu kubwa, yaani elimu ya msingi, afya na barabara, zikachukuliwa na Serikali Kuu. Manispaa hazikuguswa. Kwa hiyo Baraza la Jiji la Nairobi liliendelea kuwa na idara yake ya elimu, na shule za msingi za umma zikawa chini yake. Lakini mwajiri wa mwalimu alikuwa mwingine, maana Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1967. Hata enzi hizo za kanjo, basi, shule ya jiji ilikuwa na mabwana wawili, mmoja wa ukuta na mmoja wa mwalimu.

Katiba ya mwaka 2010 iliyapanga upya mambo haya. Jedwali lake la Nne liliipa serikali ya kaunti chekechea pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini, likaiachia Serikali ya Kitaifa shule za msingi na za sekondari. Baraza la Jiji lenyewe lilifikia mwisho wake mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi. Kwa hiyo ukikutana na gavana wa Nairobi usimlilie kuhusu paa la darasa lako la Kidato cha Tatu. Atakwambia kwamba hilo si lake, na hatakuwa amekudanganya.

Hapa ndipo wengi hukanyagana. Ipo Halmashauri ya Elimu ya Kaunti, na mtu akisikia "kaunti" anafikiri ni ya gavana. Siyo. Mwenyekiti wake huteuliwa na Waziri wa Elimu, na katibu wake ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti, ambaye ni mtumishi wa Wizara. Serikali ya kaunti ina mjumbe wake tu, akiketi pamoja na wa TSC, wa wazazi, wa walimu wakuu, wa mashirika ya dini na wa vyama vya wafanyakazi. Hii, ukipenda, ndiyo bodi ya jiji zima. Ndiyo inayowateua rasmi wale wajumbe wa bodi za shule baada ya kuchaguliwa na kupendekezwa na watu wao. Ndiyo inayoshauriwa kuhusu upungufu wa walimu, na ndiyo inayopelekewa ripoti za kesi za nidhamu. Sisi wanafunzi hatuioni. Katika mwaka wangu mzima niliona barua zake mbili tu zikisomwa, zote zikiwa na mhuri wa zambarau.

Je, bodi ya shule yenyewe ina mamlaka gani? Kifungu cha 59 kinazitaja kazi nyingi, baadhi zikiwa za kutamkwa tu, kama vile kukuza amani na mazungumzo. Zile za kushikika ni hizi: kuhakikisha majengo na vifaa vinatosha, kupokea fedha za shule na kuzitolea hesabu, kuwaajiri na kuwalipa wafanyakazi wasio walimu, na kusikiliza kesi za nidhamu za wanafunzi. Kwa kazi hizo bodi yetu imejigawa katika kamati, ile ya fedha ikiwa ndiyo yenye nguvu na ile ya nidhamu ikiwa ndiyo inayoogopwa.

Lakini kilichonishangaza ni yale isiyoyaweza. Bodi haiwezi kumwajiri wala kumwachisha kazi mwalimu wa TSC. Hata mwalimu mkuu, anayeketi pale mbele na kitabu cha kumbukumbu, hakuajiriwa na bodi na hawezi kuachishwa nayo. Bodi haiwezi kubadilisha mtaala, hiyo ni kazi ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, wala haina neno katika mitihani ya kitaifa. Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa Fizikia alihamishwa. Mjumbe mmoja wa wazazi akapiga meza, "Tukatae!" Kukatuliza, maana hakuna wa kukataa. Bodi iliandika barua ya kuomba mwingine, na kwa kuwa barua haifundishi, ikamwajiri kijana aliyetoka chuo kikuu awe "mwalimu wa bodi", akilipwa kutoka mfuko wa shule mshahara ambao sitautaja kwa kumheshimu. Huyo ndiye aliyetufundisha umeme na sumaku, na alifundisha vizuri.

Tena bodi haiwezi kujipangia ada ipendavyo. Elimu katika sekondari za kutwa za umma ilitangazwa kuwa bila malipo ya mafunzo mwaka 2008, serikali ikimlipia kila mwanafunzi shilingi 10,265 kwa mwaka. Kuanzia mwaka 2018 kiasi kilichotangazwa kikawa shilingi 22,244. Utaratibu uliowekwa ni wa kuzigawa fedha hizo kwa mafungu matatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Mhasibu wetu akisema "fungu" macho ya wanabodi wote humgeukia, kwa sababu fungu likichelewa, stima haichelewi. Ndani ya fedha hizo chakula cha mchana cha shule ya kutwa hakimo. Hicho hulipiwa na mzazi. Na hapo ndipo palipoanza maneno.

Nina rafiki ambaye nitamwita Jirani, kwa kuwa tuliketi dawati moja. Mama yake huuza mboga kando ya barabara. Muhula wa kwanza biashara ilimwendea vibaya, akawa nyuma kwa pesa za chakula, shilingi 40 kwa siku. Asubuhi moja tulipangwa foleni langoni, majina yakasomwa, na Jirani akageuzwa arudi nyumbani "akalete pesa". Alikaa huko siku tisa. Aliporudi tulikuwa tumemaliza majaribio mawili, na alikuwa amepata ule unyamaza wa mtu anayefikiria kama kuna haja ya kurudi tena. Nilimuuliza alikuwa akifanya nini nyumbani. Akasema, "Kupanga sukuma wiki mafungu. Hiyo sasa najua vizuri kuliko aljebra."

Wiki hiyo hiyo ndipo nilipokuwa nikiisoma ile nakala yenye uzi. Nikafika kifungu cha 29. Kinasema kwanza kwamba shule ya umma isitoze ada ya mafunzo. Kisha kinaruhusu malipo mengine yatozwe, ila kwa idhini ya Waziri akishauriana na Halmashauri ya Elimu ya Kaunti, na kwa sharti kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu ya kushindwa kuyalipa. Kinaongeza pia kwamba pesa yoyote isichukuliwe bila risiti rasmi. Nilisoma mara tatu. Nilimwonyesha mwalimu wa Historia nikidhani nimekosea Kiingereza. Akanitazama akasema, "Hukukosea. Sasa utakifanya nini?"

Mkutano uliofuata nilikwenda na daftari langu na jasho mikononi. Ajenda ilikuwa ndefu. Kulikuwa na suala la choo cha upande wa maabara, suala la mabati, na saruji bila shaka. Mimi niliwekwa mwisho, chini ya "Mengineyo". Wanaojua mikutano wanajua kwamba jambo likifika kwenye Mengineyo, watu wameanza kutafuta funguo za magari. Tena akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha mkutano kuendelea, ilikuwa karibu kuvunjika, maana wawili walikuwa wameaga mapema.

Nikasimama nikakisoma kifungu. Kisha nikasema, "Bwana Mwenyekiti, muhula huu wanafunzi wametumwa nyumbani kwa pesa za chakula. Mmoja alikaa siku tisa."

Mhasibu ndiye aliyejibu kwanza, na sitaki kumsingizia, alijibu kwa haki. Alisema waliokuwa hawajalipa ni zaidi ya mia moja. Maharagwe ya mwezi uliopita yalikuwa bado deni. Wapishi ni waajiriwa wa bodi na mshahara wao hutoka kwenye pesa hizo hizo. "Nikiwaacha wote wale bila kulipa, mwezi ujao hakuna atakayekula, hata aliyelipa."

Halafu akasema mama mmoja, mjumbe wa wazazi, ambaye huuza mitumba. "Mimi sina kazi ya ofisi. Naamka saa kumi alfajiri. Nalipa. Sasa mnataka nimlipie na mtoto wa mwenzangu?" Hakuwa na hasira; aliuliza kama mtu anayetaka jibu. Mimi sikuwa nalo. Katika mdahalo ningalipata la kuchekesha ukumbi, lakini pale niliona kwamba mama huyu na mama yake Jirani wangeweza kuwa wanauza bidhaa zao barabara moja.

Mwenyekiti akamgeukia mwalimu mkuu. "Bwana Katibu, sheria inasema hivyo alivyosoma huyu mtoto?"

"Inasema hivyo, mzee."

Chumba kikanyamaza. Mchungaji aliyewakilisha mfadhili akavua miwani, akaipangusa, akasema kwamba basi hakuna mjadala kuhusu lango, mjadala ni kuhusu sufuria tu. Nililipenda sana neno hilo. Wakakubaliana mambo mawili: kwanza, hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa pesa za chakula, mzazi ndiye ataitwa aandikiane na shule jinsi atakavyolipa, pili, suala la asiyelipa atakula nini lipelekwe kwa kamati ya fedha. Mikono ikainuliwa. Ya kwangu ilikuwa mezani, lakini nilikuwa nimeandika yote daftarini, hata saa.

Mtadhani hadithi iliishia hapo. Haikuishia. Kwanza ikaja orodha. Jina la aliyelipa liliwekewa alama ya vema mlangoni pa jikoni, na wasio na alama wakabaki darasani saa ya mchana. Jirani alikuwa darasani sasa, jambo ambalo sheria ilitaka, lakini alikuwa darasani akisikia vijiko. Tuligawana githeri langu, na wengine waligawana yao, hadi mpishi akalalamika kwamba sahani zinatoka jikoni na hazirudi. Kisha, katika wiki ya tano ya muhula wa pili, foleni ikapangwa tena langoni. Safari hii walirudishwa wanane. Nilikimbia kwa aliyesimamia nikamwambia bodi ilikwisha kuamua. Akaniuliza, wala si kwa ukali, "Azimio liko wapi? Mimi sijaona maandishi."

Mkutano wa muhula huo ulipofika nikaelewa. Kila mkutano huanza kwa kusoma na kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliotangulia. Siku zote nilikuwa nikisinzia sehemu hiyo. Siku hiyo sikusinzia. Kumbukumbu zilikuwa zimechapwa vizuri, choo kimo, mabati yamo, saruji imo pamoja na bei. Kuhusu jambo langu mlikuwa na mistari miwili: mwakilishi wa wanafunzi alitoa maoni yake kuhusu chakula, na wajumbe wakamshukuru.

Basi. Azimio halikuwemo. Ndipo nikatambua ukatibu ni cheo gani. Bodi hukutana mara chache. Ikishaondoka, kinachobaki shuleni ni karatasi, na anayeiandika karatasi ndiye anayeiendesha shule siku zote zilizobaki. Sisemi kwamba ilifanywa kwa makusudi. Mwalimu mkuu alieleza kwamba Mengineyo huandikwa kwa ufupi na kwamba aliyechapa alifupisha zaidi, nami namwamini, kwa sababu ndiye aliyenipa ruhusa ya kuyaandika haya. Lakini wanane walikuwa wamerudi nyumbani kwa ufupisho huo.

Niliinua mkono. Mwenyekiti alitabasamu kidogo, labda akidhani nimesahau desturi. "Bwana Mwenyekiti, si kura. Ni masahihisho." Nikasoma kutoka daftari langu: maazimio yote mawili, nani alitoa hoja na nani aliunga mkono.

Kukawa na kusitasita. Mjumbe mmoja akasema daftari la mwanafunzi haliwezi kushinda kumbukumbu rasmi. Ndipo yule mama wa mitumba aliponiokoa. "Huyu mtoto anasema kweli. Nilikuwepo. Tena mimi nilimpinga. Lakini tulikubaliana hivyo, na mkono wangu niliuinua." Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akaomba kalamu, akaongeza maazimio kwa mkono wake pembeni mwa ukurasa, akaweka sahihi na tarehe, akampa katibu naye atie yake. Dakika nne kwa saa ya ukutani. Siku iliyofuata nakala ilibandikwa katika ofisi ya mapokezi, na nyingine akapewa msimamizi wa lango, ambaye aliikunja akaiweka mfukoni mwa koti.

Suala la sufuria bado liko kwa kamati ya fedha. Limependekezwa kwamba mzazi aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kila wiki, kwa risiti, badala ya muhula mzima kwa mkupuo. Mama yake Jirani alisema hilo angeliweza. Mhasibu anahofia vitabu vya risiti vitakuwa vingi. Orodha yenye alama za vema ingali mlangoni pa jikoni ninapoandika, na kwa hiyo ile nusu ya hoja yangu ya mdahalo ninayoishikilia ni hii: bodi hunywa chai saa nne kabla haijauliza ni nani hatakula saa saba.

Kipindi changu barazani kimekwisha na kiti kimenitoka, kama nilivyoeleza. Aliyechaguliwa kunifuata ni kijana wa Kidato cha Pili ambaye wengi mnamjua kwa kuimba. Wiki iliyopita nilimpa ile nakala yenye uzi, nikiwa nimezikunja pembe za kurasa zenye kifungu cha 29, cha 56 na cha 59. Nikampa na daftari. Alilifungua, akaona nimeandika hata saa, akacheka. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba mandazi ya bodi yana iliki. Nikamwambia ni kweli, ale mapema, na wakianza kuzisoma kumbukumbu awe amekwisha kumeza.